Ada ya Kwenye Tangazo na Ada ya Dirishani



Kila mwaka mwezi Julai matokeo ya kidato cha sita hutoka, na hazipiti siku nyingi kabla mbao za matangazo za parokia zetu hazijajaa karatasi za rangi. Kila chuo kikuu binafsi kinajinadi: kozi zake, hosteli zake, mandhari yake, na mwishoni, kwa herufi nene, ada kwa mwaka. Familia nyingi hukaa kikao zikiwa na tarakimu hiyo moja tu. Baba anahesabu magunia, mama anahesabu atakachopata kwenye kikoba, mjomba anaahidi sehemu yake, jumuiya inachangishana. Wakiona inawezekana, mtoto anafungiwa begi.

Ninachotaka kusema katika makala hii ni kifupi. Tarakimu ile mara nyingi si bei kamili. Ni sehemu ya bei. Na chuo kinachoijua bei yote lakini kikatangaza sehemu yake tu kinakosa haki, hata kama kila shilingi inayotozwa baadaye ina matumizi halali.

Nina mdogo wangu wa kike anayesoma mwaka wa pili katika chuo kikuu binafsi. Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu nimezungumza na wanafunzi wa vyuo vingine na wengi wao husimulia mambo yanayofanana. Wazazi wetu ni wakulima wa kahawa wilayani Mbinga. Wanaolima kahawa wanajua kwamba hela yake haiji kila mwezi kama mshahara. Huja kwa msimu, baada ya kuvuna, kupeleka kwenye chama cha ushirika na kusubiri mnada. Ikija, inagawanywa siku hiyohiyo: mbolea ya mwaka ujao, deni la dukani, bati, na ada. Baba aliitenga ada ya mwaka mzima kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, akailipa, akashukuru Mungu.

Kisha simu zikaanza. Kulikuwa na fedha ya usajili. Kulikuwa na kitambulisho. Kulikuwa na mchango wa serikali ya wanafunzi, fedha ya mitihani, fedha ya maktaba na kompyuta, na "fedha ya tahadhari" ambayo chuo kinasema itarudishwa akimaliza. Muhula wa pili likaja suala la mafunzo kwa vitendo, yaani fildi: fedha ya usimamizi, mbali na nauli na chumba cha kupanga huko atakakopangiwa. Kila moja peke yake ilionekana ndogo. Zilipojumlishwa zilikaribia robo ya ada. Nazo zilidaiwa mwezi Machi, wakati kahawa iko mtini na mahindi hayajakomaa. Mama aliponipigia simu hakulalamika. Aliuliza tu: "Hivi Frateri, hiyo ada si tulishaimaliza?"

Swali la mama ndilo ninalojaribu kulijibu hapa.

Kwanza tuwe waadilifu kwa upande wa vyuo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 vyuo vikuu vya nchi hii vilikuwa vya serikali, na nafasi zilikuwa chache mno. Mashirika ya dini na watu binafsi walipoingia, mlango ulipanuka. Kanisa letu lilikuwa miongoni mwa waliotangulia: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu, kilianza Mwanza mwaka 1998. Wapo walimu, wanasheria na waandishi wa habari wengi leo ambao bila vyuo binafsi wangeishia kidato cha sita. Tusilisahau hilo tunapolalamika.

Tukumbuke pia kwamba chuo binafsi hakipati ruzuku ya serikali ya kulipa mishahara kama chuo cha umma. Mhadhiri, umeme, maji, vitabu, mlinzi, vyote vinategemea ada. Wanafunzi wakipungua au malipo yakichelewa, mishahara nayo inachelewa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na baadhi yetu tunaotunzwa na jimbo na wafadhili tunaweza kuzungumzia fedha za chuo kwa wepesi ambao mhasibu wa chuo hana.

Wanafunzi nao hawajakosa lawama. Wapo wanaopewa ada na wazazi wakainunulia simu. Wapo wanaopokea fedha za Bodi ya Mikopo, lile bumu, zikaisha wiki ya pili. Wapo wasiosoma fomu yoyote hadi siku ya mtihani. Mhasibu anayekutana na watu wa namna hiyo kila siku anaweza kuishia kumwona kila mwanafunzi kuwa mwongo.

Kwa hiyo hoja yangu haihusu ukubwa wa ada. Chuo kikiona elimu yake inagharimu zaidi, kitangaze zaidi. Ninachokipinga ni kuificha.

Tuchukue mifano miwili iliyo wazi. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania hudaiwa shilingi 20,000 kwa mwaka ya uhakiki ubora, inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa kwa miaka mingi shilingi 50,400 kwa mwaka. Jumla yake ni 70,400. Kwa kiwango cha Bodi ya Mikopo cha miaka ya karibuni, shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni fedha ya chakula na malazi ya wiki nzima. Chuo hakiwezi kusema hakuzijua. Ni viwango vinavyofahamika kabla mwaka haujaanza. Kuziweka kwenye tangazo kunahitaji mistari miwili ya maandishi. Mbona haziandikwi karibu na ada?

Ndugu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya udahili alinijibu kwa ukweli: "Tukiandika yote, watakwenda chuo cha jirani ambacho hakiandiki." Hapo ndipo penye ugonjwa. Kila chuo kinaogopa kuwa cha kwanza kusema kweli, na wote wanaendelea kutangaza bei ambayo hakuna atakayeilipa.

Mara nyingi husemwa kwamba kila kitu kimo kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga. Huenda kimo. Lakini fomu hiyo inamfikia mwanafunzi lini? Mara nyingi ni baada ya kuchaguliwa na kuthibitisha udahili wake. Aliyepata vyuo viwili au vitatu ameshachagua kimoja na kuviacha vingine. Baba ameshauza, jumuiya imeshachanga. Taarifa inayokuja baada ya uamuzi haimsaidii mtu kuamua. Inamwambia tu kiasi anachodaiwa.

Hapa naomba ruhusa niseme kidogo kuhusu ninachokisoma. Katika falsafa ya maadili tunajifunza kutoka kwa Aristoteli, katika kitabu cha tatu cha maadili yake kwa Nikomako, kwamba tendo lililofanywa kwa kutojua mambo ya msingi haliwezi kuitwa la hiari kwa ukamilifu. Mtu huchagua kile anachokijua. Mzazi aliyekubali kulipa kiasi kimoja hakukubali kiasi kingine ambacho hakuambiwa. Sahihi yake imo kwenye karatasi, lakini ridhaa yake haimo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analiendea jambo hilo kwa namna iliyo karibu zaidi na soko. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya ile ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachokiuza. Jibu lake linatofautisha. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza kwa sababu mnunuzi anaiona, ila bei nayo iendane nayo. Lakini kasoro ikiwa imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, kukaa kimya ni kosa. Mifano yake ni ya kawaida kabisa: anayeuza farasi kilema kana kwamba ana mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara. Waswahili tunasema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Elimu si farasi, najua. Lakini hilo linaongeza uzito wa hoja. Aliyeuziwa farasi kilema anaweza kumrudisha au kumuuza kwa hasara. Mwanafunzi aliyefika mwaka wa pili hawezi kurudisha mwaka wa kwanza. Ameshatumia ujana wake na ng'ombe wa baba yake. Anapodaiwa kitu kipya hana nafasi ya kukataa, maana akikataa anapoteza vyote alivyokwisha kulipa. Anayetoza anajua hivyo.

Katika Injili ya Luka, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Wazazi wengi ninaowajua waliketi na kuhesabu. Walihesabu vizuri. Kosa halikuwa katika hesabu yao. Waliotoa bei ya matofali hawakutaja saruji.

Gharama iliyofichika si fedha peke yake. Ipo ya dirishani. Mwanafunzi amelipa benki, risiti anayo mkononi, lakini jina lake halionekani kwenye mfumo. Uhasibu wanamwambia aende benki. Benki wanamwambia fedha zilishakwenda chuoni. Akirudi, mhusika ametoka, njoo kesho. Kesho mfumo umegoma. Mitihani inaanza Jumatatu na asiye na kibali haingii. Mdogo wangu alizunguka hivyo siku tatu, wiki ya mwisho kabla ya mtihani, siku ambazo wenzake walikuwa wanasoma. Jina lilionekana hatimaye. Hakuna aliyemwomba radhi, na siku zile tatu hazikurudi.

Chuo kina haki ya kudai madeni yake, na ni haki kuwa na njia ya kuwabana wasiolipa. Lakini kuna tofauti kati ya mtu ambaye hajalipa na mtu ambaye amelipa ila ofisi haijaiona fedha yake. Wa kwanza ni mdaiwa. Wa pili ni mtu anayeadhibiwa kwa uzembe wa mwingine. Mfumo usioweza kuwatofautisha hao wawili ni mfumo mbovu, na kuurekebisha ni kazi ya chuo.

Vivyo hivyo mwishoni mwa masomo. Kijana amemaliza, amefaulu, anahitaji transkripti ili aombe kazi. Anazungushwa na fomu ya kuonyesha hadaiwi: maktaba, hosteli, michezo, idara, uhasibu. Kila ofisi inataka aje mwenyewe, ingawa sasa yuko kwao, safari ya siku nzima. Anaambiwa kuna fedha ya mahafali ambayo ni lazima hata asipohudhuria. Nafasi ya kazi ina tarehe yake ya mwisho na haimsubiri.

Nani anaumia zaidi? Mtoto wa mwenye mshahara mkubwa anapiga simu nyumbani na fedha inaingia jioni hiyohiyo. Kwake ni usumbufu. Kwa mtoto wa mkulima, wa mama lishe, wa katekista, shilingi elfu sitini zisizotarajiwa mwezi Machi zinaweza kuwa mwisho wa masomo, au mwanzo wa mambo ambayo wasichana wetu hawayasimulii nyumbani. Anaazima kwa mtu. Mtu huyo naye ana bei yake ambayo haikutajwa mwanzoni. Wachungaji wa roho wanaosikiliza vijana wa vyuo wanalijua jambo hili kuliko mimi.

Mkopo wa serikali nao hauzibi pengo hilo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inakopesha kwa vifungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo. Wengi hupata sehemu tu, si vyote. Michango midogo midogo ya chuo haina kifungu chake. Mwanafunzi anaitoa wapi? Kwenye fedha ya chakula. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwenye mkopo na bado anakula mara moja kwa siku.

Taifa letu limeshapita njia inayofanana na hii katika shule za chini. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima katika shule za umma, wengi tuligundua kwamba kilichokuwa kikiwarudisha watoto nyumbani mara nyingi hakikuwa ada. Ilikuwa michango: dawati, mlinzi, mtihani wa majaribio. Sisemi vyuo binafsi vifute malipo, haviwezi. Nasema tulishajifunza kwamba michango isiyopangwa humtoa maskini shuleni bila mtu yeyote kutamka kwamba anamfukuza.

Kwa vyuo vya Kanisa jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1990 Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa hati juu ya vyuo vikuu Katoliki, Ex Corde Ecclesiae, na humo anasema kwamba chuo Katoliki kinajali kuifanya elimu ya juu iwafikie wote wanaoweza kunufaika nayo, hasa maskini waliozoea kunyimwa. Kumfikia maskini hakumaanishi kumpa bure. Kunaanza na kumwambia ukweli wa bei, ili aweze kupanga. Maskini ndiye mtu anayepanga kuliko wote, kwa sababu hana akiba ya kufunika makosa.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Chuo kiandike karatasi moja na kuibandika palepale penye tangazo la ada. Iwe na mafungu matatu: yanayolipwa mara moja tu, yanayolipwa kila mwaka, na yatakayolipwa kabla ya kuhitimu, pamoja na fildi, utafiti, mahafali na transkripti. Chini kabisa iwe jumla ya miaka yote. Anayeingia na karatasi hiyo amalize nayo. Viwango vikipanda, viwahusu wanaoingia mwaka unaofuata. Kila malipo yawe na mwezi wake, ili mkulima ajue lini. Na malipo yasiyomo kwenye karatasi yasidaiwe.

Ofisi nayo iweke ahadi yake kwa maandishi: malipo yaonekane ndani ya siku kadhaa, transkripti itoke ndani ya wiki kadhaa. Ahadi ni deni. Mwenye risiti halali ya benki aruhusiwe kufanya mtihani wakati ofisi inatafuta fedha yake. Na anayeondoka chuoni asitembezwe ofisi tano; karatasi ndiyo itembee.

Parokia na jumuiya zetu, kabla ya kumchangia kijana, ziulize. Paroko au mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei aandike barua kwa chuo: tunaomba jumla ya gharama zote hadi kuhitimu. Chuo kinachopokea barua ishirini za namna hiyo kitaandika karatasi yake. Na tukichangia, tuchange kwa miaka yote. Kumpa kijana nauli na ada ya mwaka wa kwanza kwa shangwe, kisha kumwacha mwaka wa pili, ni kumwekea msingi wa mnara usiokwisha.

Wanafunzi watunze risiti zao, wasome fomu zao, na waitumie serikali yao ya wanafunzi kuomba orodha hiyo kwa maandishi na kwa heshima. Kufunga barabara na kuvunja vioo hakujawahi kuharakisha transkripti, na vioo hivyo vitalipwa na ada ya mwaka ujao.

Namalizia kwa kusema na mafrateri wenzangu. Tunaposikia habari za wahasibu na wasajili tunajiona tuko mbali nazo. Lakini miaka michache ijayo, Mungu akipenda, baadhi yetu watakuwa mameneja wa shule, wakurugenzi wa vyuo, maparoko wenye zahanati na hosteli. Watakaa upande wa ndani wa dirisha. Bajeti itakuwa imepungua, mishahara itakuwa inadaiwa, na itaonekana rahisi kuongeza kamchango kadogo katikati ya mwaka bila kusema mapema. Siku hiyo atakuja mzazi aliyetoka mbali, ameshika risiti, na atauliza kama mama yangu alivyouliza. Anastahili kukuta jibu lake limeshaandikwa ukutani, tangu kabla hajauza kahawa yake.